Ukungu wa Saa Sita Mchana

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha kamba, umenuna kidogo, maana nikisikia unatabasamu asubuhi nitaanza kuwa na wasiwasi.

Sisi hatujambo. Wifi yako amenikataza sukari, na chai ninayopewa siku hizi inafanana na maji ya kuoshea brashi ya rangi. Binti yetu amepata kazi ya kufundisha hesabu. Akili kaitoa kwako, kwangu kachukua masikio tu, maskini. Mimi mwenyewe nipo, ila tumbo limezoea kuingia mlangoni kabla yangu.

Sasa niseme lililonikalisha mezani. Unajua ule uwanja wa nyasi nyuma ya wodi ya mifupa, niliopewa na hospitali kuutunza. Si mkubwa, madarasa manne ukiyapanga pamoja yanaumaliza. Lakini ndipo mtaalamu wa viungo, yule mama tunayemwita Kocha, anapowafundisha watu kutembea upya: waliovunjika nyonga, waliopooza upande mmoja, wote anawavua viatu na kuwasimamisha pale. Tangu mwezi uliopita uwanja umeanza kutoka madoa. Leo kumi, kesho ishirini. Kwa mbali unafanana na shati lililopigwa pasi na mtu aliyekuwa akiongea na simu.

Katibu wa hospitali ameuona. Amesema bodi itapita mwisho wa Juni, na kama bado una vipara, watamwaga vigae vya saruji uwanja mzima. Eti saruji haiugui, na ni rahisi kufagia. Kocha hakubishana naye, alinigeukia mimi akasema, "Mzee, mtu anayejifunza kutembea anaanguka mara kumi kwa siku. Wewe ungependa kuangukia wapi?" Tangu siku hiyo kila nikimwona mgonjwa anashuka ngazi na magongo, nakwepesha macho kama mtu mwenye hatia.

Dada, wewe umekaa miaka thelathini na mmoja kwenye maabara ya magonjwa ya mimea. Mimi ni yule uliyemfundisha jembe linashikwa upande gani. Nimekuwekea humu majani matatu yenye ugonjwa, nimeyafunga kwenye karatasi. Yatazame uniambie.

Mdogo wako


19 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Mwambie wifi yangu akaze hapohapo kwenye sukari. Binti yetu mpe hongera, na mwambie masikio makubwa yanamfaa mwalimu.

Mimi mzima. Goti linalalamika, naliacha lilalamike. Chumba cha mbele nimempangisha fundi cherehani, ana kelele lakini ni mwadilifu. Hali ya huku ni ileile. Ukungu umekaa, hauinuki hata saa sita mchana jua likiwa utosini. Tunazoea.

Majani yako nimeyaona. Yamekauka njiani, hayanisaidii kitu. Usitume mengine. Na usiniambie habari za picha za simu, simu inadanganya rangi. Nataka unieleze kwa maneno. Doa lina ukubwa gani? Usiseme "dogo", dogo ni mdomo wa chupa au ni sahani? Liko mviringo au limekatikakatika? Piga magoti alfajiri kabla umande haujakauka, uniambie umeona nini juu ya jani. Kisha ng'oa jani moja tu, ulitazame kuanzia ncha hadi shina, uniambie rangi inabadilika wapi na inabadilikaje. Unamwagilia saa ngapi? Umepuliza nini? Mashine ya kukatia nyasi unainoa lini? Sema kweli, sikupigi.

Samahani kwa mwandiko. Nimenunua kalamu nene, zile nyembamba zinanikwamisha.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Mwandiko wako umenenepa kuliko mimi. Maneno sita yamejaza ukurasa mzima; wifi yako alidhani umenitumia bango la mkutano. Na huo ukungu wenu wa saa sita mchana nao ni wa namna gani? Mmehamia mlimani bila kuniambia?

Haya, nimetii. Kupiga magoti nimepiga, kuinuka ndiko kulikokuwa na shughuli. Mgonjwa mmoja mwenye magongo ndiye aliyenipa mkono, wodi nzima ikashangilia dirishani.

Madoa ni ya mviringo, mdomo wa glasi ya chai unayafunika. Mengine yamekutana yakawa bara. Rangi yake ni ya majani makavu yaliyopauka. Alfajiri, umande ukiwa bado upo, juu ya madoa kuna utando mweupe, laini, kama wa buibui, ila buibui hana muda wa kufanya kazi ovyo namna ile. Jua likitoka, unayeyuka, wala huwezi kumwonyesha mtu kwamba ulikuwepo. Jani moja moja sasa: ncha bado kijani, katikati limebanwa na doa jeupe lililokatiza upana wote, na pande mbili za doa kuna mstari wa kahawia iliyokoza, mwembamba, kama uliochorwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Miaka minne nakata nyasi hizi, dada, sikujua kama jani lina uso.

Sasa maungamo. Namwagilia jioni, kila siku, kidogokidogo, kwa sababu jioni kuna baridi na mimi napenda kusimama na mpira wa maji nikijiona bwana shamba. Madoa yalipotokea nilidhani ni kiu, nikaongeza. Halafu nikapuliza dawa, nikagundua baada ya siku tatu kuwa ni ya wadudu. Hakuna mdudu aliyekufa kwa sababu hakukuwa na mdudu. Nikaenda stoo nikakuta dawa ya ukungu, ileile iliyotumika hapa tangu nilipoajiriwa, nikapuliza, hakuna kilichobadilika. Mashine sijainoa tangu binti yetu hajamaliza chuo.

Umesema hupigi.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti bado. Fundi amenishonea mto wa kiti bila kuombwa.

Ningekuwa karibu ningekupiga, ahadi ni ya barua tu. Lakini umeeleza vizuri. Wasaidizi wangu wa maabara waliosomea hawakuwahi kunieleza jani hivyo. Mstari wa kahawia pande mbili za doa, na utando wa alfajiri, vimetosha. Ni ugonjwa wa ukungu, na wewe umekuwa ukiulisha. Ukungu unataka jani lililolowa usiku kucha, wewe unaulowanishia jioni. Unapenda nyasi zenye njaa, na nina hakika mbolea yako ya mwisho ni ya mwaka juzi.

Fanya hivi. Maji alfajiri tu, mengi, mara mbili kwa wiki, yazame kwenye mizizi. Umande uondoe kila asubuhi: watu wawili washike kamba ndefu, waiburute juu ya nyasi kutoka upande huu hadi ule. Noa kisu cha mashine. Kisu butu hakikati jani, kinalichana, na pale palipochanika ndipo ukungu unapobisha hodi. Usikate nyasi zikiwa zimelowa, na mashine ioshe ukitoka kwenye madoa. Weka mbolea ya naitrojeni, kidogo, usije ukazipa wazimu.

Dawa ya stoo achana nayo. Mmepuliza moja miaka yote hadi ukungu umekuwa sugu, unainywa kama wewe ulivyokuwa unakunywa chai. Nenda kwa muuza pembejeo, chukua mbili zinazoruhusiwa kwenye nyasi, za makundi tofauti, yaani kila moja iue ukungu kwa njia yake. Usiangalie jina kubwa la mbele. Namba ya kundi iko kwenye lebo, nyuma, kwa maandishi madogo. Puliza moja, baada ya siku kumi na nne puliza nyingine. Kipimo fuata lebo, si hisia zako. Vaa glavu na barakoa, na wagonjwa wasiguse nyasi hadi zikauke kabisa.

Na usikate tamaa wiki ya kwanza. Dawa haifufui jani lililokufa, inalinda lililobaki. Ukungu, mdogo wangu, hauanzi siku unapouona. Ulishakuwepo muda mrefu, mtu anajiambia ni vumbi tu, litapita.

Dada yako


20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia, na sababu utaiona mbele, nilikuwa natafuta namna ya kuisema.

Kwanza habari njema, maana ni zako. Nyasi zinarudi! Kamba inaburutwa kila asubuhi. Kocha amelifanya zoezi: mgonjwa mmoja anakaa kwenye kiti cha magurudumu kwenye kijia cha upande huu wa uwanja, mwingine upande ule, wanasukumwa mbele huku wakivuta kamba kwa zamu, wanatukanana kwa furaha. "Vuta wewe, au mkono umebaki kitandani?" Kisu nimekinoa hadi wifi yako akaniomba nikamnolee na cha jikoni. Namba ya kundi nilishindwa kuisoma, ikabidi muuza pembejeo anisomee, akaniuzia na miwani palepale. Nimeshapuliza zote mbili. Tangu wiki ya tatu sijaona utando, na madoa yanajazwa kutoka pembeni, kama watu wanaosogea kidogo kidogo kumpa mwenzao nafasi kwenye benchi.

Nakushukuru, dada. Si kwa dawa tu. Ungeniambia jina la ugonjwa kwenye barua ya kwanza, ningepuliza nikaendelea kulala. Ulinilazimisha nitazame. Sasa naamka nikiwa na hamu ya kwenda kazini, mtu wa miaka hamsini na tatu, kwenda kuangalia majani! Na nakushukuru kwa mengine ya zamani ambayo hatujawahi kuyasema: kwamba mama alipofariki uliacha masomo yako ya juu ukarudi nyumbani ili mimi nimalize shule, halafu ukasema umechoka tu kusoma. Nilikuamini kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na mbili. Sasa sina kisingizio hicho.

Ndiyo maana hili lifuatalo siwezi kulinyamazia.

Jumatatu ya wiki iliyopita mvua ilinyesha, nikavaa koti langu la mvua ambalo nilikuwa sijalivaa tangu Machi. Nikatia mkono mfukoni. Nikatoa karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi majani matatu.

Dada, sikuyatia kwenye bahasha. Niliyafunga, nikayaweka mfukoni ili nisiyasahau, nikayasahau. Unanijua. Nawe ukaniandikia, "Majani yako nimeyaona, yamekauka njiani." Yamekauka kweli, lakini njia yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu.

Nimekaa na hilo wiki nzima. Kalamu nene. Maneno sita kwa ukurasa. Usitume mengine, nieleze kwa maneno. Na ule ukungu wenu usioinuka hata saa sita mchana, mimi mjinga nikakuuliza kama mmehamia mlimani.

Tangu lini huoni?

Mdogo wako


14 Juni

Kitinda mimba,

Anayeandika ni fundi cherehani, mimi nasema yeye anaandika. Usimlaumu kwa mwandiko, anaandika kama anayepiga mshono wa suruali.

Marahaba. Goti limepona, kwa hiyo sina pa kujifichia.

Tangu mwaka jana. Jicho la kulia lilianza, la kushoto likaona wivu. Naona mwanga, naona kivuli cha mtu, sura siioni. Barua zako fundi ndiye anayenisomea. Ile ya kwanza aliisoma mbiombio, mteja alikuwa mlangoni anataka gauni lake. Nikasikia "majani matatu humu". Bahasha niliipapasa, sikuwa na hakika, na kuuliza kungekuwa kukiri. Nikajibu kama mtu aliyeona. Ningejua uliyasahau ningekutukana kwa raha.

Kwa nini sikusema. Watu wakishajua huoni, wanaanza kukupaazia sauti kana kwamba umekuwa kiziwi. Na wewe ungeacha kuniuliza kuhusu nyasi. Ungeniandikia "pole" kurasa mbili mbili. Mimi nilitaka maswali.

(Kaka, hapa anajifanya anakunja kitambaa. Barua yako ikikawia huwa ananituma nikaangalie sanduku la posta mara mbili kwa siku. Ni mimi, fundi.)

Anaandika nini huyu, sikusema kitu kirefu hivyo.

Kliniki walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba yanapasuliwa. Nimekataa. Usinihubirie. Nimekata vitu vidogo kwa wembe chini ya darubini miaka thelathini na mmoja. Najua mkono unavyoteleza.

Niambie bodi wakipita.

Dada yako


21 Juni

Dada,

Shikamoo. Mpe fundi salamu zangu na umwambie mabano yake yamenisaidia kuliko barua yenyewe.

Sikuandikii pole hata moja, zihesabu. Nakuandikia maswali, kama unavyotaka.

Nimekwenda kwa muuguzi wa macho hapa hospitalini. Ni mtu wa masihara lakini si kwenye kazi. Nilimweleza kwa maneno, tangu ncha hadi shina, kama ulivyonifundisha. Akasema kwa maelezo yale, na kama kliniki ndivyo walivyoona, wengi wa namna yako wanarudi kusoma. Hakuniahidi. Alisema wanaondoa kioo kilichopata ukungu, wanaweka kingine safi, jicho moja kwanza, mgonjwa yuko macho anasikia redio. Amesema pia kwamba kukawia kunafanya kazi iwe ngumu zaidi. Nilikumbuka nani aliniambia maneno ya aina hiyo mwezi wa nne.

Sasa swali. Kwa miaka thelathini na mmoja mkono wako uliteleza mara ngapi? Jibu ulinipa mwenyewe siku ya kustaafu kwako: mara mbili, na zote mbili ulikuwa umekasirika. Basi ukifika pale, kabla hajagusa kitu, muulize daktari kama ana hasira na mtu. Akisema ndiyo, ondoka, nitakutetea. Akisema hapana, lala.

Dada, uliunyoosha uwanja mzima usiouona kwa sababu ulikubali kuamini macho ya mtu mwingine, tena macho yangu, yanayosahau majani mfukoni. Nakuomba umwamini mmoja zaidi. Nakushukuru mapema, ili ukikataa ubaki na deni la adabu.

Bodi ni Ijumaa ijayo. Silali vizuri.

Mdogo wako


1 Julai

Dada, shikamoo, naandika haraka kabla sijapoa.

Bodi wamepita. Watu sita na katibu. Katibu aliinama, akashika nyasi akazivuta, nadhani alitaka kuhakikisha sijabandika zulia. Bado kuna vipara vitatu upande wa ukuta, sikuvificha. Nikaeleza maji, kamba, kisu, dawa mbili za makundi tofauti. Nikataja kwamba mtaalamu wangu yuko mbali na ana uzoefu wa miaka thelathini na mmoja. Mmoja akaandika.

Katibu alikuwa bado anasema habari za vigae na ufagio. Nyuma yake Kocha alikuwa anamtembeza dereva wa lori mstaafu, aliyepooza mkono na mguu wa kulia, jitu la kilo mia na zaidi. Hatua ya nne mguu ukakataa. Akaenda chini mzimamzima, kishindo tukakisikia miguuni. Wajumbe wakaruka. Kocha akanyoosha mkono kumwinua, na yule mzee, uso ukiwa kwenye nyasi, akasema kwa ule ulimi wake mzito:

"Acha kwanza. Pazuri hapa."

Hakuna aliyesema neno la saruji tena. Mwenyekiti wa bodi alimuuliza katibu kama ameandika vizuri kwamba uwanja unabaki, na katibu akaandika.

Umewapa watu hawa mahali pa kuangukia, dada. Hawakujui, kwa hiyo nakushukuru kwa niaba yao.

Mdogo wako


12 Agosti

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Huu ni mwandiko wangu, na kalamu ni nyembamba. Jicho la kushoto limepasuliwa wiki tatu zilizopita, la kulia linasubiri zamu. Daktari nilimuuliza kama ana hasira. Akafikiri, akasema anayo kidogo, kwa shemeji yake, lakini tangu asubuhi imepungua. Nikalala.

Habari za huku. Kuta za nyumba yangu ni chafu, hakuna mtu aliyeniambia. Na fundi cherehani ni mzee! Kwa sauti nilidhani ni kijana wa miaka thelathini, nimekuwa nikimwita "mwanangu" na kumfokea alale mapema. Ana mvi kichwa kizima, amenizidi mwaka mmoja. Nilipomwona nikaona haya, yeye akacheka hadi akakosa pumzi.

Kisha nikatoa barua zako kwenye droo nikazisoma mwenyewe. Mdogo wangu, yule bwana alikuwa anaruka. Kila ulipoandika unanishukuru, alipita juu yake moja kwa moja hadi kwenye nyasi. Habari ya masomo yangu na shule yako sikuwahi kuisikia hata neno. Nilimkabili. Akasema, "Mama, yale yalikuwa ya kwako na mdogo wako. Niliona aibu kuyatoa kwa mdomo wangu." Kwa hiyo kumbe tangu Mei umekuwa ukinishukuru na mimi nakujibu habari za goti.

Nimeyasoma sasa. Nimeyasoma mara mbili. Sikuwa nimechoka kusoma, ulikisia sawa. Lakini sikujuta, hilo nalo liandike mahali. Na mimi nakushukuru kwamba uliniuliza tangu lini, hukuuliza kwa nini.

Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao nakuja kuuona uwanja, na hivyo vipara vitatu nataka kuvitazama kwa karibu kabla hujavipulizia kitu. Usije kunipokea stendi. Nieleze tu kwa barua nipite wapi, kisha niache nije peke yangu, nataka kusoma vibao vyote vya njiani. Nikipotea msihangaike. Nitakuwa nimepotea kwa jicho langu mwenyewe.

Dada yako